Bei tatu za kupiga rangi nyumba moja, zinapishana karibu mara mbili. Nichukue ipi?

kuta_nne
Wakuu habari zenu. Nina nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, vyumba vitatu, sebule, jiko na korido. Rangi ya ndani imechoka, ya nje ndo usiseme, ule upande unaopigwa na jua la mchana imeanza kutoka magamba. Nimeita mafundi watatu kwa siku tofauti waje waone kazi wanipe bei, sasa zilivyokuja nimebaki naziangalia tu. Pesa sitataja maana kila mtu yuko kwake na itazua ubishi wa bure, chukulieni wa bei ya chini ni 100, basi wa pili ni 140 na wa tatu ni 190. Nyumba ileile, na wote wanasema rangi juu yao, ufundi juu yao.

Wa 100 kanitumia meseji moja, "kazi yote ndani na nje, rangi na ufundi", basi. Wa 140 anahesabu kwa mita za mraba. Wa 190 ni kikampuni kidogo, wameleta karatasi nzima: kukwangua, puti (ya kuziba nyufa), msasa, praima (ya kushikisha rangi), mikono miwili ya rangi (yaani kupaka mara mbili), kufunika vitu, usafi, na gerentii ya mwaka. Halafu kuna jirani yangu anasema hao wote niachane nao, ninunue rangi mwenyewe niweke fundi wa kulipwa kwa siku. Naombeni ushauri kabla sijapigwa.

mwenye_haraka
Chukua wa 100 umalize. Rangi ni rangi, baada ya miaka kadhaa utapaka tena hata ungelipa 190.

fundi_mstaafu
Huyo hapo juu asikudanganye kijana wangu. Nimeshika brashi zaidi ya nusu ya umri wangu na nakwambia hivi, hizo bei tatu zinauza kazi tatu tofauti, ndo maana zinapishana. Kupaka rangi yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi, muda mwingi unaliwa na maandalizi: kuosha ukuta, kukwangua iliyoachia, kuziba nyufa, kusubiri puti ikauke, kupiga msasa, kufuta vumbi, praima pale palipobaki plasta tupu. Ukuta kama wako wa nje ule unaotoka magamba mtu anaweza kumaliza siku mbili hajafungua hata ndoo ya rangi. Sasa fundi akitaka kushusha bei anakata wapi? Hapo hapo kwenye maandalizi, maana siku ya kukabidhi huwezi kuona. Ukuta uliokwanguliwa na usiokwanguliwa siku ya kwanza vyote vinang'aa sawa tu. Ya pili anakata kwenye idadi ya mikono. Ya tatu anachakachua, rangi ya maji inataka maji kidogo tu kama ilivyoandikwa kwenye kopo, yeye anajaza mpaka inatiririka.

Usiwaulize "bei ya mwisho ngapi". Waulize maswali manne: utakwangua na kuziba nini, utaweka praima wapi, mikono mingapi, na rangi ya aina gani kwa jina lake kamili siyo kampuni tu, maana kampuni moja ina rangi ya bei ya juu na ya kulipualipua. Wajibu kwa maandishi. Ukishapata majibu urudi hapa uone kama bado ni 100 na 190.

Hesabu_Kwanza
Naungana na mzee. Ila kabla hujawauliza pima mwenyewe, haichukui hata saa moja, usipopima kila mtu atakutajia ndoo anazotaka yeye.

Mfano chumba cha mita 4 kwa 5, kuta zina kimo cha mita 3. Mzunguko ni 18, zidisha 3 unapata mita za mraba 54. Toa mlango mmoja na madirisha mawili ya kawaida, kama 5 na nusu hivi, inabaki 48.5. Mikono miwili ni 97. Makopo mengi ya rangi ya maji yanasema lita moja inapiga mita 10 mpaka 14 kwa mkono mmoja, lakini hiyo ni kwenye ukuta laini, mimi huwa nachukua 10 nisije nikaumbuka. Kwa hiyo chumba hicho ni kama lita 10, ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya hivyo, kuta tu bila dari. Ukuta wa nje wenye plasta ya mikwaruzo unakunywa zaidi, lita inaweza kuishia mita 6 au 7.

Na hapo hapo uone mtego wa huyo wa 140. Sakafu ya chumba hicho ni mita 20, kuta zake ni 48.5. Mtu akikwambia "bei yangu ni kadhaa kwa mita" muulize mita ya nini?! Ya sakafu au ya ukuta? Na madirisha anatoa au anahesabu ukuta mzima? Wapo wasiotoa wanasema kukata kona za dirisha kuna kazi kuliko ukuta wenyewe, ambayo ni kweli kiasi chake, lakini ujue mapema.

nimeshapigwa
Mimi nilichukua wa bei ya chini naomba nisimulie kidogo. Ukuta wa bafu kwa upande wa pili, yaani kule chumbani, ulikuwa na unyevu tangu zamani, fundi akaniambia hiyo siyo shida kuna rangi inazuia, akapiga, nyumba ikanukia mpya, watu wakasifia, haikufika miezi mitatu ukuta ukaanza kutoa unga mweupe kama chumvi, rangi ikavimba mapovu, ukibonyeza kwa kidole inapasuka. Nikampigia akasema hiyo ni nyumba yako siyo rangi yangu. Na kusema ukweli alikuwa na haki nusu, bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, mimi nililipa rangi mara mbili na fundi bomba mara moja wakati ningeanza na fundi bomba ningelipa kila mtu mara moja. Kwa hiyo angalia kwanza kama kuna maji yanatoka mahali, gata, paa, bomba. Gerentii nyingi za rangi unyevu hazigusi, soma hiyo karatasi ya wa 190 vizuri.

fundi_mstaafu
Huo unga ni chumvi za kwenye simenti, maji yanazisukuma zitoke nje. Hakuna rangi ya kuzuia hiyo kama maji bado yanaingia. Ndo hivyo hivyo na plasta mpya, watu wanapiga rangi wiki ya pili wakati inatakiwa iachwe kama wiki nne ikauke.

rola_na_brashi
Mimi ni fundi bado nipo site naomba nitetee wenzangu kidogo maana humu kila fundi ni mwizi. Kuna mteja anakuita unampa bei ya haki na maandalizi yote ndani, anakuambia fulani kasema nusu yake. Utafanyaje? Unakata. Mteja mwenyewe ndo anatufundisha kukata.

Kuhusu malipo ya kwa siku ambayo jirani yako anasema, yana raha yake na karaha yake. Nyumba ya zamani ambayo hujui ukikwangua utakuta nini, kwa siku ni haki kwa wote wawili, sababu ukitaka bei ya jumla fundi mwenye akili ataongeza ya kujikinga na yasiyojulikana. Lakini kwa siku inakutaka uwepo. Usipokuwepo siku tano zinakuwa tisa, sitadanganya, nimeona. Kama unatoka asubuhi kazini unarudi usiku chukua bei ya kazi nzima, ulipe kwa awamu.

dada_wa_vipimo
Swali la pembeni, hivi kwenye hiyo 100 ya rangi na ufundi, ufundi ni kiasi gani? Nataka kujua kama nikipaka mwenyewe naokoa nini.

Hesabu_Kwanza
Inategemea unaishi wapi dada. Kwenye nchi ambazo mshahara wa fundi uko juu ufundi ndo sehemu kubwa ya bili, rangi ni ndogo tu, kwa hiyo ukipaka mwenyewe unaokoa kweli. Kwenye nchi ambazo ufundi ni rahisi na rangi nzuri inauzwa ghali hesabu inageuka, ukipaka mwenyewe unaokoa kidogo halafu unaharibu ndoo mbili kwa kujifunza. Waambie watenganishe tu, rangi na vifaa kivyake ufundi kivyake, asiyetaka kutenganisha ana sababu yake.

mwenye_haraka
Na mashine ya kupulizia je? Si inamaliza nyumba siku moja?

rola_na_brashi
Kupuliza ni haraka mkuu ila kufunika siyo haraka. Nyumba tupu ambayo haijawekwa hata taa, mashine ni safi sana. Nyumba yenye watu na makabati na vioo utashinda unabandika selotepu na manailoni kuliko kupuliza, rangi nyingine inapeperuka hewani, nje kukiwa na upepo gari la jirani linapata rangi bure hahaha. Na ukuta wenye vitundu vidogo vidogo ukishapuliza lazima mtu apite na rola nyuma rangi iingie. Kwa nyumba ya mleta uzi ningeenda na rola.

mama_wa_pacha
Naongeza moja tu ya usalama, kama nyumba ni ya zamani sana usiruhusu mtu apige msasa mkavu kabla hujajua rangi ya chini ni ipi. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead), Marekani walipiga marufuku ya majumbani mwaka 1978 na nchi nyingine zilichelewa zaidi ya hapo. Vumbi lake kwa watoto wadogo ni sumu, linaharibu ubongo. Kuna vipimo vya kupima. Ikikutwa ipo, hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa na bei lazima ipande, hapo usibane hela.

kuta_nne
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. Mama wa pacha asante, nyumba ina miaka saba tu na rangi yote niliinunua mwenyewe, hapo sina wasiwasi sana. Nimepima kuta zote mwenyewe, nimewaandikia wote watatu maswali yaleyale manne ya mzee, majibu nayaweka hapa.

Wa 100: mkono MMOJA juu ya rangi ya zamani, kukwangua "pale panapohitajika", puti hakuna, praima hakuna, na rangi ni ile ya daraja la chini kabisa. Nikamwambia niwekee mikono miwili, rangi ya kuosheka ndani na ya kuhimili mvua na jua nje, na ule ukuta wa magamba ukwanguliwe wote. Kakaa siku mbili karudi na 160.

Wa 140: mikono miwili ipo, puti ipo, mita ni za ukuta na madirisha anatoa, huyu nimempenda, vipimo vyake na vyangu vimepishana kidogo sana. Lakini dari haimo, milango na fremu havimo. Vikiingia ni 170.

Wa 190: kila kitu kimo, kabaki 190. Gerentii kweli haihusu unyevu, ndugu nimeshapigwa, uliona mbali.

Kwa hiyo ile tofauti ya 90 iliyokuwa inaninyima usingizi imebaki 30!

fundi_mstaafu
Unaona sasa. Huyo wa kwanza mimi ningemwacha, siyo kwa sababu ya bei, ni kwa sababu mpaka ulipomuuliza ndo akasema mkono mmoja. Kuna mengine hujamuuliza.

rola_na_brashi
Wa pili. Aliyepima akapatana na futi yako huyo anajua kazi. Na muulize ukiondoa makochi na mapazia mwenyewe, ukaosha kuta za jiko mafuta yatoke, atakupunguzia ngapi. Hizo ni siku zake za kazi unazomrudishia. Jiko lioshwe kweli kweli kwa sabuni, rangi haishiki kwenye mafuta.

dada_wa_vipimo
Malipo usitoe yote mwanzo jamani. Kidogo cha kuanzia, nyingine maandalizi yakiisha na UKAYAONA kwa macho kabla rangi haijafunika, na bakiza kama asilimia 10 mpaka upite na taa ya pembeni usiku. Tochi ukiilaza ukutani inaonyesha kila kitu.

kuta_nne
Nimeongea na wa pili. Mimi na vijana wangu tutahamisha vitu na kuosha jiko, kashuka mpaka 158. Rangi nitaenda naye dukani ndoo zifunguliwe mbele yangu. Kitu kimoja bado tunabishana nyumbani, wife anataka ukuta mmoja wa sebule uwe mwekundu uliokolea, fundi anasema huo peke yake utataka mikono mitatu au minne, ni kweli au ananiongezea?

fundi_mstaafu
Ni kweli. Nyekundu iliyokolea na njano haziwezi kufunika kama nyeupe, utaona ya chini inachungulia. Mwambie aanze na mkono wa kijivu chini ya nyekundu, atabana mkono mmoja wa nyekundu. Na siku wife akichoka akataka nyeupe, jiandae kulipia praima.

kuta_nne
Hahaha hiyo ya mwisho nimemsomea. Kasema hatachoka. Jumatatu wanaanza na ule ukuta wa magamba, picha nitaweka.