Vidonge vya mgongo pamoja na pombe kali ya kanyanga: mapafu ya mdogo wangu yatapona?

DadaMajengo, Goma
Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada kwa mwenye kujua mambo ya hospitali. Mdogo wangu anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anateremsha viazi na makabichi toka Kibumba. Mgongo ukamsumbua sana. Farmasi moja ya mtaani ikamuuzia vidonge vya kulegeza misuli, vimekunjwa ndani ya karatasi, hakuna boksi, hakuna jina. Baadaye ndipo tulipojua ni diazepamu. Amevimeza kila jioni kwa wiki nyingi, na Jumamosi akishapata franga anapitia kanyanga na wenzake.

Jumamosi hii alirudi, akala wali na maharagwe, akameza vidonge viwili, akalala chali. Usiku nikasikia mkoromo wenye maji ndani, kama chungu kinachotokota. Nikawasha tochi ya simu: matapishi shavuni na kwenye mto, midomo rangi ya majivu. Anavuta pumzi, ananyamaza muda mrefu, halafu anavuta nyingine. Namwita, haitiki. Majirani wakasema ni sumu ya karuho, amewekewa kwenye pombe, leteni maziwa. Mama mmoja akammiminia kikombe mdomoni, naye akakohoa kidogo bila kuamka. Tukambana katikati ya pikipiki, mimi nyuma, mpaka hospitali.

Sasa yuko kwenye oksijeni na homa haishuki. Daktari ametuonyesha picha ya kifua, pafu la kulia upande wa chini limejaa weupe. Kidonge cha mgongo kinafikaje kwenye mapafu? Na atarudia kazi yake?

MuuguziKadutu, Bukavu
Pole sana dada. Mimi ni muuguzi, wagonjwa wa namna hii nawapokea, hasa baada ya sikukuu.

Kidonge chenyewe hakikugusa pafu. Diazepamu na pombe vyote vinaongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Kimoja kinalaza, viwili pamoja vinalaza hata sehemu inayoamuru kupumua, ndiyo maana pumzi zilikuwa zinakatika. Tena vinalaza koo. Wewe na mimi tone la maji likipotea njia tunakohoa mpaka machozi. Yeye alitapika akiwa chali, koo halikujitetea, chakula na tindikali vikashuka kwenye bomba la hewa. Bomba la kulia ni pana na limenyooka kuliko la kushoto, kwa hiyo mara nyingi pafu la kulia ndilo linaloumia. Tindikali inaliunguza kwanza, vijidudu vinafuata nyuma.

Na haya maziwa, jamani! Kivu nzima tuna desturi hiyo. Mtu asiyeitika usimpe maziwa, mawese wala maji, hata kama kweli ungeshuku sumu. Kinywaji hicho nacho kinaingia kifuani. Mlaze ubavu, mdomo uelekee chini, futa matapishi yanayoonekana, mkimbize hospitali.

Kuhusu kupona: ni kijana, na wengi hupona vizuri. Muangalie homa inayoondoka na kurudi, makohozi yanayonuka, na kukonda. Hiyo inaweza kuwa jipu la pafu, na dawa yake ni antibiotiki za wiki kadhaa. Kikohozi kikipita wiki mbili aombe pia kipimo cha kifua kikuu.

MotariNdosho
Muuguzi, mimi nameza yangu asubuhi na bia naikunywa usiku. Si inakuwa imeshaisha mwilini?

MuuguziKadutu
Hapana kaka. Diazepamu inachukua siku moja mpaka mbili ili ipungue nusu tu, na ini linaitengeneza kuwa dawa nyingine inayokaa muda mrefu zaidi. Ukimeza kila siku inarundikana. Bia yako ya usiku inaikuta bado ipo. Lakini usiikatishe ghafla kama umeizoea, unaweza kuanguka kifafa. Nenda kwa daktari akupunguzie polepole.

Dada, hilo linamhusu mdogo wako pia. Je, daktari anajua alikuwa anameza kila siku?

DadaMajengo
Hakuna aliyemwambia, sote tulisema ni pombe tu. Nimeenda sasa hivi na ile karatasi iliyobakiwa na vidonge vitatu. Ameandika kwenye fishi yake ya hospitali, amesema atampangia namna ya kuacha. Homa imeshuka kidogo tangu asubuhi. Mdogo wangu ameanza kuongea, anauliza mgongo atautibu na nini.

MuuguziKadutu
Mungu asifiwe. Akitoka aanze na parasetamoli, na chukudu aiache mpaka atembee mlimani bila kuhema, kisha aanze na mzigo mdogo. Maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, arudi kwa daktari. Kidonge cha karatasi kisicho na jina asikipokee tena, hata kama anayemuuzia ni rafiki.

DadaMajengo
Asante sana. Na yule mama wa maziwa ni mtu mwema, kesho nitamwonyesha namna ya kumlaza mtu ubavu.