Armstrong wa mwezini alirusha glaida kweli, au nimedanganywa?

Mdadisi77:
Wakuu, naomba kujuzwa. Nimebishana na shemeji yangu mpaka tukanuniana. Anadai Neil Armstrong, huyu huyu wa mwezini, alikuwa mrushaji wa glaida, yaani ile ndege isiyo na injini inayovutwa juu kwa kamba kisha inaachwa ijitegemee. Nikacheka. Mtu aliyepaa na roketi ya Saturn V atafute nini kwenye kitu kinachoelea kama tiara? Nikaweka dau, na sasa moyo unanidunda. Ni kweli? Na kuna maarufu wengine wenye ugonjwa huo?

BawaRefu:
Umeliwa mkuu, kalipe.

Nina miaka 18 kwenye glaida, na wanafunzi wangu karibu wote huanza na jina hilo. Ilikuwa burudani yake kubwa, na baada ya kuondoka NASA mwaka 1971 hakuiacha.

Hilo la "atafute nini" ndilo tamu. Kabla ya mwezi Armstrong alirusha X-15 mara 7. Ile ilikuwa ndege ya roketi: inabebwa chini ya bawa la ndege kubwa ya kijeshi, B-52, inaachiwa angani, injini inaunguruma dakika moja na ushee, mafuta yanakwisha. Kuanzia hapo mpaka kutua ni glaida, tena glaida mbaya, inashuka kama tofali. Tarehe 20 Aprili 1962 alipanda kilomita 63 hivi, na wakati wa kurudi akainua pua kupita kiasi, ndege ikadunda juu ya hewa kama kijiwe kinavyorukaruka juu ya maji. Akaipita kambi ya Edwards, California, akajikuta anaelekea Pasadena. Injini hana. Mtaji wake ni kimo na mwendo, basi. Akageuza, akavitumia kidogo kidogo, akafika kwa shida ncha ya kusini ya lile ziwa kavu wanapotua. Dakika 12 na sekunde 28, safari ndefu kuliko zote za X-15. Mtu wa namna hiyo asipopenda glaida, nani ataipenda?

MamaUpepo:
Mbona wanaume tu? Anne Morrow Lindbergh alipata leseni ya glaida ya daraja la kwanza mwaka 1930, wa kwanza kati ya wanawake wa Marekani, tena akiwa mjamzito. Wengi wanamjua kama mke wa rubani maarufu Charles Lindbergh, nukta. Na Hanna Reitsch wa Ujerumani je?

BawaRefu:
Reitsch kipaji chake hakina ubishi. Utumishi wake kwa Hitler nao hauna ubishi, kwa hiyo mimi simwekei picha ukutani.

Kipenzi changu ni Peter Scott, mtoto wa yule mpelelezi Scott aliyefia Antaktika. Mchoraji wa bata na mabata bukini, mmoja wa waanzilishi wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, mwaka 1961. Mwaka 1936 alipata medali ya shaba ya mashua za tanga katika Olimpiki ya Berlin, na mwaka 1963 akawa bingwa wa glaida wa Uingereza. Ukifikiri vizuri ni kazi ile ile: kusoma upepo usiouona. Tanga kalisimamisha, na bawa kalilaza.

Rubani_Mtarajiwa:
Msimsahau rubani Sullenberger! Alitua kwenye Mto Hudson, New York, 15 Januari 2009, ndege wa porini wameingia injini zote mbili, watu 155 wote wakatoka hai. Alikuwa mtu wa glaida, ndiyo maana!

BawaRefu:
Mtu wa glaida ni kweli, tangu akiwa kadeti wa chuo cha jeshi la anga. Hiyo "ndiyo maana" ndiyo siinunui. Tangu kugonga wale ndege mpaka majini hazikutimia dakika 4. Kilichofanya kazi pale ni maelfu ya saa kwenye ndege kubwa na uamuzi wa kutong'ang'ania kurudi LaGuardia, uwanja aliopaa.

Ukitaka ufundi wa glaida wenyewe uliookoa watu, mtafute Robert Pearson. Kanada, 23 Julai 1983, Boeing 767, watu 69. Mafuta yalihesabiwa kwa ratili wakadhani ni kilo, wakapaa na chini ya nusu ya waliyohitaji. Injini zote zikazimika. Msaidizi wake, Maurice Quintal, akapiga hesabu ya kimo na umbali akaona Winnipeg hawafiki, akakumbuka Gimli, kambi ya zamani ya jeshi alikowahi kutumikia. Wanafika, wako juu mno, na kuzunguka tena haiwezekani. Pearson akageuza usukani upande mmoja na kukanyaga pedali ya upande wa pili. Ndege ikaenda mshazari kama kaa, ubavu ukipigwa na hewa, kimo kikashuka bila mwendo kuongezeka. Sisi tunafundisha hilo kwa glaida ya watu wawili. Yeye kalifanya na 767! Barabara ile ya ndege ilikuwa imegeuzwa ya mashindano ya magari, na siku hiyo watu walikuwepo. Gurudumu la mbele halikujifunga, pua ikakwangua lami mpaka ndege ikasimama. Hakufa mtu. Wachache waliumia kidogo wakiteremka kwa milango ya nyuma, maana pua ilikuwa chini na mkia umebinuka.

Na kipimo chetu cha kujua kama unakwenda mshazari ni kipande cha uzi wa sufu kilichobandikwa nje ya kioo, mbele ya macho. Uzi umenyooka, uko sawa. Umelala pembeni, unapoteza kimo bure. Glaida za kisasa zimejaa kompyuta, na uzi uko pale pale.

Mdadisi77:
Dau nimelipa, shemeji hakamatiki. BawaRefu, mvua ikinyesha huo uzi inakuwaje?

BawaRefu:
Unaloa, unagandamana na kioo. Hapo unabaki na kijipira ndani ya mrija kwenye dashibodi, na makalio yako. Ukihisi unateleza kwenye kiti kwenda kulia, kanyaga pedali ya kulia.