Je, lenzi za sinema ya skrini pana zilitoka Ufaransa?

Mtazamaji:
Naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi. Maandishi mengi huanza historia ya skrini pana mwaka 1953, kampuni ya Marekani ya 20th Century-Fox ilipotoa filamu ya The Robe kwa mfumo wa CinemaScope. Hata hivyo, wapo wanaodai kwamba lenzi yenyewe ilibuniwa Ufaransa. Je, ni kweli? Na je, jambo hilo linahusiana na wingi wa istilahi za Kifaransa katika taaluma ya filamu, kama vile montage (uunganishaji wa vipande vya filamu) na mise en scène (mpangilio wa kila kinachoonekana mbele ya kamera)?

Fundi wa Lenzi:
Ni kweli, ndugu. Lenzi hiyo iliitwa Hypergonar, na aliyeibuni ni Henri Chrétien, mwanaastronomia ambaye wataalamu wa darubini humkumbuka zaidi kwa mpangilio wa vioo aliousanifu pamoja na Mmarekani George Ritchey, ambao hata darubini ya Hubble inautumia. Katika miaka ya 1920 Chrétien aliunda lenzi yenye vioo vilivyopinda kwa mwelekeo mmoja tu, kama silinda, hivi kwamba mandhari pana hubanwa kwa upana hadi nusu na kuenea katika fremu ya kawaida ya filamu ya milimita 35, huku kimo chake kikibaki kilevile. Lenzi ya aina hiyo ikifungwa mbele ya projekta, picha hukunjuka na kurudia upana wake.

Uzuri wa mbinu hii, kwa maoni yangu, ni kwamba haikudai filamu mpya wala mitambo mipya mizima. Cinerama ya mwaka 1952, mfumo mwingine wa skrini pana, ilihitaji projekta tatu zinazokwenda sambamba. Mwongozaji Claude Autant-Lara aliitumia Hypergonar katika filamu fupi iliyoonyeshwa Paris mwaka 1930, lakini wakati huo wenye kumbi walikuwa wanagharimia mitambo ya sauti, na uvumbuzi huo ukawekwa kando. Televisheni ilipoanza kuzipokonya kumbi watazamaji, Spyros Skouras, rais wa Fox, alimfuata Chrétien Ufaransa mwishoni mwa 1952. Muda wa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya awali ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alichokihitaji hasa ni lenzi zenyewe na ujuzi wa mzee yule.

Msomaji wa Historia:
Nakubaliana na maelezo hayo, ila neno «kubuni» litumiwe kwa tahadhari. Ernst Abbe na Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, walikwisha kushughulikia lenzi za kubana picha katika miaka ya 1890. Sifa ya Chrétien ni kuifanya kanuni hiyo iitumikie sinema.

Kuhusu istilahi, sioni uhusiano na lenzi. Mise en scène ilitoka katika tamthilia, na montage ni neno la kuunganisha vipande vya mtambo. Wafaransa wawili wa familia moja, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha picha watazamaji wa kulipia jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na chombo chao cha cinématographe ndicho kilichoipa sanaa nzima jina. Istilahi film noir (filamu za uhalifu zenye hali ya kiza) ilienezwa na wahakiki wa Kifaransa, akiwemo Nino Frank mwaka 1946, nao walikuwa wakizungumzia filamu za Marekani! Jina Hypergonar, kwa upande mwingine, lilimezwa na lile la CinemaScope.

Mtazamaji:
Nashukuru sana. Swali dogo la mwisho: kwa nini katika baadhi ya filamu za mwanzo za mfumo huo nyuso huonekana zimevimba?

Fundi wa Lenzi:
Kamera ilipomkaribia mwigizaji, lenzi za awali zilipunguza kiasi cha kubana, ilhali projekta iliendelea kukunjua mara mbili kamili; uso ukatoka mpana kupita kiasi. Watu wa Hollywood waliliita tatizo hilo matubwitubwi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Panavision ilitengeneza lenzi ambazo vioo vyake vya ziada vilizunguka kadiri fokasi ilivyobadilika, ili kiwango cha kubana usoni kisibadilike, na studio nyingi zikahamia huko.