Wakala, tiketi ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, uliyomuuzia shangazi yangu ni ya wapi? Kuingia pale ni BURE!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu wa Bukoba, Mkatoliki wa tangu kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kajibana miaka, kaja kutembea Ulaya na rafiki yake wa jumuiya, na mimi ninayeishi huku nikawafuata Paris. Safari walipangiwa na wakala mmoja wa Dar, jina naliweka kapuni. Kwenye ankara kuna mstari: "Tiketi Notre-Dame, kuruka foleni, Euro 35 kwa mtu." Hiyo ni kama laki moja ya kwetu kwa kila kichwa.

Kuingia Notre-Dame hakulipiwi! Hakukulipiwa kabla ya moto wa Aprili 2019, na hakulipiwi tangu lilipofunguliwa tena Desemba 2024. Ni sawa na mgeni atue Dar halafu umuuzie kiingilio cha St. Joseph pale Sokoine Drive.

Kuna utaratibu wa kuweka nafasi, sikatai. Upo kwenye tovuti ya kanisa lenyewe, ni wa bure na si lazima. Lakini nafasi hufunguliwa siku mbili tu kabla, saa sita usiku ya Paris, ambayo Tanzania ni saa saba au saa nane kutegemea majira yao. Huyu bwana kauza mwezi mzima kabla! Aliuza nini? Tiketi hewa.

Niliomba niione hiyo "tiketi". PDF yenye picha ya kanisa, mahali pa kukutana, na linki ya kupakua maelezo ya sauti kwa Kiingereza. Kanisa lina programu yake ya simu ya maelezo, nayo ni bure. Mahali pa kukutana tukamkuta kijana ana mwavuli wa njano, akahesabu watu wake, akatupeleka hadi kwenye foleni ya wasio na nafasi, akaaga. Euro 35 za kuonyeshwa foleni ambayo hata kipofu angeisikia.

Foleni yenyewe inatisha kwa macho tu, inatembea. Ukitaka usiione kabisa, fika milango inapofunguliwa, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi siku za kazi, au nenda Alhamisi jioni maana siku hiyo wanafunga saa nne usiku. Wakala kawapangia saa sita mchana. Jumamosi.

Na hapo bado mabegi. Ratiba yake ilisema watoke uwanja wa ndege moja kwa moja waende kanisani "ili kuokoa muda". Treni ya RER B kweli inakushusha Saint-Michel, hatua chache tu na kanisa. Ila mlangoni kuna ukaguzi, mabegi makubwa hayaingii, na hakuna pa kuyaacha. Mtu anayejiita mtaalamu wa safari hajui hilo? Stesheni kubwa kama Gare du Nord zina makabati ya kulipia, angewaambia. Basi mama wa watu, miaka sabini na ushee, amesimama uwanjani pale mbele ya kanisa na sanduku limezungushiwa nailoni ya Dar, analilinda kwa mikono miwili, wakati mabinti wanne wamemzunguka na makaratasi wakidai wanakusanya saini za kusaidia viziwi. Mmoja kamshikisha kalamu, mwenzake mkono uko usawa wa zipu ya pochi. Nikapiga kelele za Kihaya, wakatawanyika. Ukiona karatasi ya saini maeneo yale, usisimame, usisalimie, pita.

Mwishowe tukaingia kwa zamu, mmoja analinda mizigo nje. Watu waliosafiri pamoja toka Bukoba ili wasali pamoja, wakasali kwa zamu.

Ndani sina la kulalamikia upande wa kanisa. Kuta zimesafishwa hadi zinang'aa, dirisha kubwa la duara upande wa kusini jua likipiga unasahau ulikuwa na hasira. Shangazi alitaka jambo moja tu, ile sanamu ya Bikira Maria na Mtoto iliyo karibu na altare, ambayo paa liliporomoka jirani yake na yenyewe ikabaki. Kufika ndiyo shughuli. Watalii wenzetu, hivi mna matatizo gani? Mtu anapiga magoti na rozari mkononi, wewe unamsogeza kwa kiwiko upate selfi! Picha zinaruhusiwa bila flashi, sawa, lakini hata Misa ikiwa inaendelea watu wanazunguka pembeni simu juu kama wako mpirani Kwa Mkapa. Kama umekuja kusali, nenda kwa ajili ya Misa, ukae katikati kwenye viti. Na wenye ibada ya Taji la Miiba la Yesu linalotunzwa pale, ulizieni Ijumaa ya kwanza ya mwezi.

Vya kulipia vipo, msije mkaniambia nadanganya: kupanda minara, ngazi 424, na kuona hazina ya kanisa. Havikuwemo kwenye ile PDF.

Nimempigia wakala. Jibu: "Mteja alipata huduma, aliingia ndani." Aliingia kwa miguu yake, kaka! Nilipouliza kuhusu nafasi za siku mbili kabla, akasema mtandao unasumbua, akakata. Sasa hapokei, na meseji zina tiki mbili za bluu.

Shangazi alilipa kwa simu, si kwa kadi, risiti anayo. Aliyewahi kumbana wakala wa safari wa hapo Dar hadi akatema hela, alipitia wapi? Polisi, tume ya ushindani, au nimtumie mtu ofisini kwake akae pale mapokezi mpaka kieleweke? Na wale wa "shangazi naye kwa nini hakugugo", piteni kimya leo.