Umri wa mtoto kwa eksirei ya meno: wapimaji wawili, majibu mawili. Kosa liko wapi?

mpima_taya:
Habari zenu wakuu. Tunatumia ImageJ (programu ya kupima picha) kwenye picha za panorama za watoto, yaani eksirei moja inayoonyesha taya zote, kwa fomula ya kukadiria umri ya mtafiti Cameriere ya 2006: meno saba ya kushoto, taya ya chini, namba 31 hadi 37. Picha moja, wapimaji wawili, umri unapishana zaidi ya nusu mwaka. Mistari yetu inakaribiana sana. Je, ni kwa sababu hatujaweka kipimo cha milimita?

Gego37:
Milimita hazihusiki. Unagawa upana wa ncha ya mzizi iliyo wazi kwa urefu wa jino, kwa hiyo pikseli zinatosha. Linganisheni kwanza N0, yaani idadi ya meno yaliyokwisha kufunga ncha (ncha ya mzizi hufunga jino likikomaa). Fomula ni hii:

Umri = 8.971 + 0.375g + 1.631x5 + 0.674N0 − 1.034s − 0.176(s × N0)

g ni 1 kwa mvulana na 0 kwa msichana, x5 ni uwiano wa jino 35, s ni jumla ya uwiano wa meno yote saba. Chukua mvulana mwenye s 1.0, x5 0.25 na N0 3: unapata miaka 10.2. Mkikosea s kwa 0.1, umri unasogea kama miezi miwili tu. Lakini jino lenye uwiano wa 0.05 mmoja akiliita limefunga, N0 inakuwa 4, s inashuka hadi 0.95, na umri unaruka hadi 10.8. Miezi saba hiyo, bila mstari wowote kupindishwa.

Kubalianeni sheria ya kufunga kabla ya kupima. Kuza picha, chora mstari kati ya kuta za ndani za mzizi (si za nje, wengi hukosea hapo), bonyeza M kupima na T kuhifadhi mstari ili mwenzako auone. Gego la mizizi miwili, jumlisha upana wa ncha zote mbili, kisha gawa kwa urefu wa jino.

kivuli_cha_taya:
Naongezea upande wa picha. Pima kwenye faili ya DICOM, yaani faili halisi inayotoka kwenye mashine ya eksirei. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu au JPEG iliyobanwa sana hufifisha ukingo wa ncha, na ncha iliyo wazi kidogo huonekana imefunga. Mwangaza urekebishe mtakavyo, ila msibonyeze kitufe cha Apply cha ImageJ, maana hapo thamani za pikseli zinabadilika. Na uwiano hauponyi kila kitu: panorama hukuza upana na urefu kwa viwango tofauti, hasa meno ya mbele mtoto akisimama vibaya kwenye mashine. Picha ya namna hiyo iacheni.

mpima_taya:
Asanteni, N0 ndiyo iliyotofautiana. Swali jingine: wavulana kadhaa wanatoa 14.06 sawasawa. Programu imeharibika?

Gego37:
Haijaharibika, fomula imefika ukingoni. Meno yote saba yakifunga, s ni 0 na N0 ni 7: mvulana hupata 14.06, msichana 13.69, hata akiwa na miaka 20. Hapo usiandike umri huo. Hamia kwenye gego la tatu, namba 38, upime kwa njia ileile. Kizingiti cha Cameriere cha 2008 kwa uwiano wa jino hilo ni 0.08: chini ya hapo, mhusika huhesabiwa ametimiza miaka 18. Kumbuka pia kwamba fomula ya 2006 ilitokana na watoto 455 wa Italia wa miaka 5 hadi 15. Kwa watoto wa kwingine, ijaribuni kwanza kwa picha za watoto ambao tarehe zao za kuzaliwa zinajulikana.