Acheni kutudanganya kwamba ukihariri nova.conf kazi imekwisha

Wakuu, nimechoshwa na miongozo ya Nova, sehemu ya OpenStack (programu ya kujenga wingu) inayoendesha VM, yaani kompyuta pepe. Yote inaimba wimbo mmoja: fungua /etc/nova/nova.conf kwenye seva ya haipavaiza (inayobeba VM), badilisha thamani, washa upya nova-compute (huduma ya Nova kwenye seva hiyo), basi. Kwenye wingu binafsi linalosimamiwa na ejenti (programu inayopanga mipangilio ya seva yenyewe) au Ansible (zana ya kupanga seva nyingi kwa pamoja), huo ni ushauri wa hatari. Faili hiyo inaandikwa na zana. Siku zana ikipita tena, labda kwa sababu ya toleo jipya au seva iliyoongezwa, ulichoandika kinafutwa kimyakimya.

Na hakuna anayeshtuka, kwa sababu VM zinaendelea kufanya kazi hata nova-compute ikiwashwa upya. Chukua reserved_host_memory_mb, yaani RAM inayotengewa seva yenyewe, kwa MB. Chaguomsingi ni 512, kiasi kisichotosha kabisa kwa seva yenye huduma za mtandao, za hifadhi na za ufuatiliaji. Uliweka 8192, zana ikairudisha 512: sasa skejula (inayochagua VM ikae seva gani) inaona MB 7,680 za kugawa ambazo kiuhalisia zina mwenyewe. VM zinarundikwa humo mpaka RAM inakauka, kerneli inaanza kuua michakato ya qemu (ndiyo VM zenyewe), na mteja anapiga simu kuuliza kwa nini hifadhidata yake imezimika.

Kwa Kolla-Ansible (inayosakinisha OpenStack ndani ya kontena kwa kutumia Ansible), andika kwenye mashine unayoendeshea zana: /etc/kolla/config/nova/nova-compute.conf kwa seva zote, au /etc/kolla/config/nova/<jina la seva>/nova.conf kwa moja tu, kisha endesha amri yake ya reconfigure. Weka ile mistari unayobadilisha pekee. Itaunganishwa na mingine. Kuhariri ndani ya kontena ni kupoteza muda. Kwa usakinishaji wa vifurushi, tazama kwa amri ya ps kama nova-compute imeanzishwa na --config-dir, inayotaja folda ya ziada ya mipangilio. Ikiwa ndivyo, faili za .conf za humo husomwa baada ya nova.conf, kwa mpangilio wa majina, na ya mwisho ndiyo inayoshinda.

Linaloniudhi zaidi: ukikosea jina la kipengele au ukikiweka kwenye sehemu isiyo yake, Nova hainung'uniki. cpu_dedicated_set (CPU zinazotengewa VM moja moja) inakaa chini ya [compute], cpu_mode (aina ya CPU ambayo VM inaiona) chini ya [libvirt], reserved_host_memory_mb chini ya [DEFAULT]. Ukichanganya, huduma inawaka vizuri na thamani yako inapuuzwa. Weka debug = True, washa upya, usome kwenye logi thamani zilizosomwa kweli. Ukimaliza, zima debug.

Halafu kuna hawa wanaobadilisha initial_cpu_allocation_ratio (uwiano wa mwanzo wa CPU za kugawia VM kwa CPU halisi) kwenye seva ya zamani. Hiyo hutumika mara moja tu, seva inaposajiliwa Placement, huduma ya OpenStack inayohesabu rasilimali za kila seva. Kinyume chake, cpu_allocation_ratio ikiwa imo kwenye faili, itafuta kila uwiano unaouweka Placement kwa amri. Hakikisha kwa openstack resource provider inventory list na UUID (kitambulisho) ya seva. Na ukibadilisha cpu_mode, VM zilizopo hazipati kitu mpaka openstack server reboot --hard. Kuwasha upya kutoka ndani ya VM hakuandiki upya XML, faili inayoeleza VM hiyo.

Enyi mnaotengeneza zana hizi: tupeni faili moja ya mabadiliko ambayo ejenti haiigusi kamwe, itajeni kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo, na juu kabisa ya nova.conf andikeni onyo kwamba faili itafutwa. Ni mstari mmoja tu. Kwa nini haupo mpaka leo?