Skana mpya stoo: kasi imeshuka, watu wamenuna

MwenyeGhala
Wadau, hamjambo. Ghala liko Eneo la Viwanda, watu 22 kwa shifti. Tumetoka kwenye madaftari, tukaingia skana za mkononi, vifaa vya kusoma lebo za katoni. Mafunzo yalikuwa ya saa mbili. Kuna skrini ukutani inayoonyesha jina la kila mtu na katoni alizopakia kwa saa. Kasi iko chini kuliko zamani na wawili wameomba kuhamishwa. Bosi anasema ni uvivu. Shida iko wapi?

Fundi_wa_Sistimu
Madaftari yameachwa kweli? Mara nyingi karani huendelea kuandika kitabuni "sistimu isije ikagoma", halafu anaskani. Hizo ni kazi mbili kwa mshahara mmoja. Weka tarehe ya kufunga vitabu, ubakize fomu chache za siku stima ikipotea.

Pia pima wai-fai. Rafu za chuma huzuia mawimbi, kwa hivyo skana hukwama katikati ya safu, na dakika za kungoja anahesabiwa mpakiaji. Pita kila safu rafu zikiwa zimejaa (tupu zitakudanganya), andika inapokwama, ongeza kifaa cha wai-fai hapo. Kama programu inaweza kuhifadhi rekodi ndani ya skana na kuzituma baadaye, washa hiyo. Betri za akiba ziwepo.

Dada_HR
Uvivu? Hapana. Mtafiti wa mambo ya kazi, Robert Karasek, alieleza mwaka 1979 kwamba kinachomchosha mtu zaidi ni kazi yenye presha nyingi asiyo na usemi juu yake. Skana imeleta yote mawili: inahesabu kila katoni, na inamwamulia aanze safu gani hata kama anajua njia fupi. Waachieni wapange mfuatano wenyewe ndani ya oda moja.

Mafunzo: chagua wawili kila shifti, wapunguziwe kazi mwezi wa kwanza, wawasaidie wenzao palepale kwenye rafu. Mmoja awe mzee wa stoo. Akiielewa yeye, ubishi hupungua. Lengo la katoni lishushwe mwezi huo.

Wakili_Mtaani
Takwimu hizo zikitumika kukata bonasi au kumfuta mtu, someni kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Supavaiza apitie kila kesi na amsikilize mhusika.

MwenyeGhala
Asanteni. Wai-fai naanza nayo. Skrini ya majina nayo ningependa iondolewe, ila bosi hatakubali.

Dada_HR
Usimwendee na habari za presha. Mtolee ripoti ya mizigo iliyorudishwa na wateja, kabla na baada ya skrini. Mtu akikimbizana na namba huskani katoni moja mara tano badala ya kuskani tano tofauti. Kasi inapendeza, hesabu ya stoo inaharibika. Akishaona gharama, omba skrini ionyeshe jumla ya shifti tu, na namba ya mtu aione mwenyewe na supavaiza wake.